Mlango wa Wittenberg na Meza ya Nyumbani

Leo nataka tuzungumze juu ya sikukuu ambayo wengi wetu Waprotestanti tunasikia ikitajwa tu, lakini ndugu zetu Walutheri huiadhimisha kila mwaka tarehe 31 Oktoba, au Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo. Ni Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa. Nauliza hivi: je, sikukuu hii ina mahali pake nyumbani, mezani, kati ya watoto? Au ni jambo la wachungaji na wanafunzi wa theolojia peke yao?

Nitaanza na jioni moja hapa kwetu Ruiru. Ilikuwa Jumanne, tarehe 31 Oktoba 2017, siku ambayo ilitimia miaka 500 tangu Matengenezo yaanze. Mtakumbuka kwamba siku tano tu zilikuwa zimepita tangu uchaguzi wa marudio. Watu walikuwa hawatembeleani sana, na kila mtu alifunga mlango wake mapema. Jirani yangu, Mkisii na Mlutheri tangu utoto wake, alibisha kwangu akaniambia, "Mzee, leo ni sikukuu yetu. Njoo ule na watoto." Mimi nililelewa Kipresbiteri, tena niliwahi kufundisha historia shuleni. Nikavaa koti, nikaenda.

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na jiko, katika zile nyumba za kupanga zilizojengwa mahali palipokuwa shamba la kahawa. Mama alikuwa ametandika mezani kitambaa chekundu, kwa sababu nyekundu ndiyo rangi ya sikukuu hiyo kanisani. Katikati aliweka bakuli la ndizi mbivu zilizotumwa na nyanya ya watoto kutoka Kisii. Baba alisoma Zaburi ya 46 kwa Kiswahili, mama akairudia kwa Ekegusii, nami wakaniomba niisome kwa Kikuyu. Kisha baba akawageukia watoto wake watatu akauliza, "Nani ana pesa za kununua ndizi hizi?" Watoto wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na hata shilingi. Baba akasema, "Basi kuleni. Nyanya hakuzituma ziuzwe."

Watoto walicheka, wakala. Lakini msichana mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi hivi, aliacha kutafuna, akauliza, "Baba, kama za Mungu ni za bure, mbona mama wa mlango wa tatu alilipa elfu tano ili mtoto wake aombewe?"

Ndugu wasikilizaji, chumba kilinyamaza. Sote tulijua habari hiyo. Mtoto wa mama yule alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Mhubiri mmoja alimwambia mama apande mbegu ya imani, naye akatoa pesa za kodi ya nyumba. Baba alinitazama mimi, mzee na mwalimu, nimsaidie. Ndipo nilipofahamu kwamba mtoto huyu ameuliza swali lile lile lililoanzisha Matengenezo.

Hebu turudi nyuma. Mwaka 1517 Martin Luther alikuwa mtawa na mwalimu wa Biblia katika mji mdogo wa Wittenberg, nchini Ujerumani. Wakati huo zilikuwa zikiuzwa hati za rehema, yaani vyeti ambavyo watu waliambiwa vingewapunguzia adhabu ya dhambi, wao au jamaa zao waliokwisha kufa. Mtu aliyejulikana sana kwa kuzihubiri hati hizo alikuwa Johann Tetzel. Watu waliambiwa kwamba pesa hizo ni za kujengea Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Hawakuambiwa kwamba sehemu yake kubwa ilikuwa ya kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz, aliyekuwa amekopa fedha nyingi kwa tajiri Fugger ili apate cheo chake. Frederick, mtawala wa Saxony, hakuruhusu hati hizo ziuzwe katika nchi yake. Lakini watu wa Wittenberg walivuka mpaka, wakazinunua, wakarudi nazo mkononi kwa mchungaji wao. Luther hakuwacheka. Aliwahurumia, maana aliona maskini wakitoa akiba yao kwa kitu ambacho Mungu hakukiuza.

Tarehe 31 Oktoba aliandika hoja 95 kwa Kilatini, akazituma pamoja na barua kwa yule askofu mkuu. Habari inayojulikana zaidi ni kwamba alizipigilia pia kwenye mlango wa Kanisa la Watakatifu Wote. Wanahistoria wameshindana juu ya msumari huo, kwa sababu Luther mwenyewe hakuandika kwamba alifanya hivyo. Lakini barua ipo, na tarehe yake ipo. Nasi tuwaambie watoto ukweli huo, kwa kuwa mtoto aliyefundishwa kutofautisha yaliyo hakika na yanayosimuliwa hatadanganywa upesi akiwa mtu mzima.

Kwa nini siku ile? Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambapo watu wengi walikuja katika kanisa lile kuyaona masalio ya watakatifu aliyoyakusanya Frederick, maelfu ya vipande. Miaka 100 baadaye, mwaka 1617, Waprotestanti wa Ujerumani wakafanya sherehe kubwa ya ukumbusho. Na mwaka 1667 mtawala wa Saxony akaamuru tarehe 31 Oktoba iwe sikukuu ya kila mwaka katika nchi yake. Hivyo ndivyo sikukuu hii ilivyoanza.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mara nyingi tunalisahau. Matengenezo yalianza kwa hoja za Kilatini, ambazo mkulima na mpishi hawakuweza kuzisoma. Kama yangebaki pale mlangoni pa kanisa, leo yangekuwa habari ya wasomi tu. Lakini yaliingia nyumbani.

Mwaka 1525 Luther alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa pia. Wakapata watoto sita. Nyumba yao ilikuwa ile ya watawa ya zamani, na mezani pao walikula watoto, wanafunzi, wageni na jamaa. Katharina ndiye aliyesimamia shamba, mifugo na jikoni. Kisha mwaka 1528 Luther na wenzake wakatembelea makanisa ya Saxony, kama wazee wa kanisa wanavyotembelea mitaa yao. Aliyoyaona yalimhuzunisha. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu zile hoja 95, na bado watu wengi vijijini hawakujua lolote la mafundisho ya Kikristo. Hata baadhi ya wachungaji hawakuweza kufundisha Sala ya Bwana.

Luther angeweza kuwalaumu wachungaji, akaishia hapo. Badala yake, mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo. Sehemu zake za kwanza zilichapishwa kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani, kama sisi tunavyotundika kalenda sebuleni. Zilikuwa na Amri Kumi, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana, na kitabu kilipotoka kilikuwa na sala za asubuhi na jioni, na sala za kabla na baada ya kula. Kwenye vichwa vya sehemu hizo ameandika kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake, kwa njia rahisi. Hakusema askofu wala profesa. Alisema mwenye nyumba. Na kila fungu linafuatwa na swali fupi: jambo hili maana yake ni nini? Wazazi wote wanalijua swali hilo. Ni swali la mtoto.

Katika jambo hili Luther hakuanzisha kitu kipya. Musa alikwisha kuwaagiza Waisraeli, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, wawafundishe watoto wao wakiwa wameketi nyumbani na wakiwa njiani. Na Paulo, akimwandikia Timotheo, anakumbuka kwamba imani ya kijana huyo ilikaa kwanza ndani ya bibi yake na mama yake.

Tena kuna jambo la lugha. Luther alitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likachapishwa mwaka 1522, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1534. Alieleza kwamba mtafsiri hana budi kusikiliza jinsi anavyosema mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni. Neno la Mungu haliwezi kukaa mezani kama halisemi lugha ya mezani.

Mbegu hiyo ilifika kwetu pia. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mlutheri kutoka Württemberg aliyetumwa na CMS, alifika Mombasa. Mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka huo huo pia akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Baadaye, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Walutheri wa Misheni ya Leipzig walifanya kazi Ukambani, huko Ikutha na Mulango. Kazi hiyo ikachukuliwa na Africa Inland Mission, kwa hivyo ndugu wa AIC wa upande ule wana mizizi ambayo pengine hawaifahamu. Wamisionari kutoka Uswidi walianza kazi Kisii mwaka 1948, na kutokana nayo likakua Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Kenya. Hapo ndipo jirani yangu alipobatizwa.

Na sisi wa upande wa Ruiru? Mwanzoni mwa karne ya 20 Gospel Missionary Society ilifungua kituo Kambui, si mbali na hapa, na katika miaka ya 1940 kazi hiyo ikaunganishwa na ya Wapresbiteri. Wazee wetu walioitwa athomi, yaani wasomaji, walijifunza kusoma huko. Agano Jipya la Kikuyu lilipatikana mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1951. Cucu wangu hakujua jina la Luther. Lakini alikuwa na Agano Jipya la lugha yake, limefungwa kwa kitambaa, akalisoma jioni kando ya moto huku sisi watoto tukisubiri chakula kiive. Naamini Luther angemtambua mara moja.

Hata redio imefanya kazi hii. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1977, Shirikisho la Walutheri Duniani liliendesha kituo cha redio ya Injili huko Addis Ababa, na matangazo yake ya Kiswahili yaliingia katika nyumba nyingi. Na katika mwaka huo wa 1977 shirikisho hilo lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Imani iliyofundishwa mezani Wittenberg ilikuwa imefika mezani Bukoba, nayo haikuwa tena mgeni.

Turudi sasa kwenye swali la yule msichana. Nilimjibu kwa habari ya msichana mwingine. Luther alikuwa na binti aliyeitwa Magdalena. Mwezi wa Septemba 1542 Magdalena aliugua sana, akiwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alikuwa mtu mashuhuri katika Ujerumani yote. Wafalme walimjua. Kama baraka za Mungu zingeuzwa, yeye angeweza kupata fedha za kuinunulia uhai. Alipiga magoti karibu na kitanda cha mtoto, akaomba, akalia, akamkabidhi kwa Baba yake wa mbinguni. Magdalena alifariki mikononi mwa baba yake. Luther alihuzunika kupita kiasi, naye hakuficha huzuni hiyo. Lakini hakusema kwamba mtoto amekufa kwa sababu hakutoa sadaka ya kutosha. Hakumlaumu Katharina kwa imani haba. Mungu aliyemshika wakati wa furaha alikuwa Mungu yule yule aliyemshika kaburini.

Yule msichana akafikiri kidogo. Akasema, "Basi guka, twende tumwombee huyo mtoto bure."

Tulikwenda. Tulichukua ndizi zilizobaki na sufuria ya chakula. Mama yule alifungua mlango kwa hofu, akidhani ni mwenye nyumba amekuja kudai kodi. Tukaketi kitandani na juu ya ndoo, tukaomba, na hakuna aliyepitisha kikapu. Kesho yake mke wa jirani yangu alifuatana naye hospitalini. Sitawapa hadithi yenye mwisho mtamu. Mtoto alikaa hospitalini siku nyingi, na zile elfu tano hazikurudi. Lakini mama yule alijua kwamba ugonjwa wa mtoto wake si deni analodaiwa na Mungu. Huo ni ufunguzi wa kifungo kikubwa.

Wapendwa, ndiyo sababu nasema sikukuu hii ni ya nyumbani. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, mji wetu umekua mno. Baba na mama huondoka alfajiri kwenda Nairobi, wakirudi watoto wanasinzia. Tumewaachia walimu wa Shule ya Jumapili kazi yote ya imani, kwa saa moja kwa wiki. Hapo ndipo mfanyabiashara wa miujiza anapopata wateja. Mtu ambaye hakuambiwa akiwa mtoto kwamba neema haiuzwi, siku ya shida ataulizia bei yake.

Lakini niwaonye juu ya mambo mawili. La kwanza, tusimfanye Luther malaika. Mwaka 1525, wakulima walipoasi, aliandika maneno makali ya kuwahimiza watawala wawapige. Mwaka 1543 aliandika vibaya mno juu ya Wayahudi, na makanisa ya Kilutheri yenyewe yamekwisha kuyakataa maneno hayo waziwazi. Tuwaambie watoto waliokwisha kukua kiasi cha kuelewa. Mtu aliyefundisha kwamba tunaokolewa kwa neema naye alihitaji neema hiyo.

La pili, tusiifanye sikukuu hii kuwa siku ya kuwatukana Wakatoliki. Wengi wetu tunaishi nao ploti moja, na watoto wetu husoma pamoja. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa neema, jambo lile lile lililowatenganisha zamani. Walichagua tarehe hiyo kwa makusudi. Nasi tuichague njia hiyo.

Basi utafanya nini, ewe mzazi, jioni ya tarehe 31 Oktoba? Hakuna haja ya gharama. Tandika kitambaa chekundu, hata kama ni leso. Pika chakula kile kile, githeri au ugali, lakini kila mtu awepo. Someni Zaburi ya 46, ambayo Luther aliifanyia wimbo wake unaojulikana kuliko zote. Na kama bibi au babu yupo, aisome kwa lugha yake. Mwimbe wimbo huo mkiujua. Wape watoto karatasi wachore alama ya Luther: msalaba mweusi ndani ya moyo mwekundu, moyo ndani ya waridi jeupe, waridi kwenye rangi ya mbingu, na duara la dhahabu kulizunguka. Waeleze habari ya hati za rehema. Weka mezani kitu kitamu, uulize nani ataweza kukinunua, kisha uwape bure. Na watakapouliza maana yake ni nini, usiwatume kwa mchungaji kwanza. Jibu unachokijua. Usichokijua, sema, "Tutatafuta pamoja," kisha mfungue Biblia kweli.

Na kabla ya kulala, ulizeni kama kuna mlango mmoja katika ploti yenu ambao unahitaji kubishwa usiku huo.

Tuombe. Ee Baba yetu, uliyetupa Mwanao pasipo bei, utusamehe sisi wazazi tulionyamaza nyumbani mwetu. Utupe maneno rahisi mbele ya watoto wetu. Uwalinde maskini na watu wanaouza kilicho chako. Uwaponye wagonjwa kwa mapenzi yako, na wale wanaozika watoto wao uwashike mkono. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.